Safu

Saa moja asubuhi, mgongoni mwa Dinnammare, juu ya Messina.
Koti limelowa ukungu, kahawa ya chupa imeshapoa,
na karatasi yangu ina safu tano:
saa, aina, idadi, upepo, uelekeo.
Chini kabisa bahari imebanwa kati ya kisiwa na bara;
feri zinapishana humo, punje za mchele kwenye sinia.
Bado hakuna kitu.
Anayehesabu ndege huhesabu kwanza kutokuwepo kwao:
wingu, waya wa umeme, wingu, nzi juu ya lenzi.

Kisha Letterio na kiti chake cha kukunja,
anapanda kwa pumzi fupi fupi, hanisalimu,
anaketi kando ya kibanda cha saruji
chenye tundu moja linalotazama kusini.
Alikijenga mwenyewe, mwaka aliooa.
Siku hizo ilisemwa kijijini kwao kwamba mwanamume
asiyetungua mla-nyigu hata mmoja kabla Mei haijaisha
mkewe atamtoka nje.
Basi walipanda wote, waliooa na waliochumbia,
wenye wivu na wasio na sababu,
mlima ukanuka baruti hadi jioni.
Cettina alimpikia miaka arobaini na mmoja
na hakutoka hata kwenda Palermo.

"Kumi na saba," anasema.
"Wapi?"
"Kwenye kidevu cha wingu lile."
Nainua darubini. Sioni. Nasubiri. Sioni.
(Jicho lake la kushoto lina mtoto wa jicho.
La kulia, lile la kulengea, halijazeeka.)
Halafu wanatoka: vumbi, halafu pilipili manga,
halafu mabawa.
Wamevuka jangwa, wamevuka maji, hawajala tangu Tunisia,
wanakwenda kufukua viota vya nyigu
katika misitu ambayo sitaiona.
Wanaikuta hewa ya moto inayopanda kwenye mwamba,
wanazunguka humo bila kupiga bawa,
juu, juu, hadi shingo inaniuma,
kisha mmoja anajiachia kaskazini na wote wanachuruzika nyuma yake
kama shanga uzi ukikatika.
Kidole gumba kinabonyeza kihesabio. Tik. Tik.
Kumi na saba.

Saa sita upepo unageuka na wanapita chini, usawa wetu,
karibu kiasi kwamba naona jicho, la njano,
linanitazama bila kunihesabu.
Mia. Mia na arobaini. Mwewe weusi wawili.
Korongo mmoja, peke yake, kama mgeni aliyekosea harusi.
Penseli inavunjika, naichonga kwa meno.
Letterio ameinua mkono,
kidole cha shahada kimekunjwa nusu,
anamfuata ndege kutoka kusini, anamtangulia kidogo:
mwili haujasahau kwamba ndege hupigwa anakokwenda,
si alipo.
Anautazama ule mkono. Anautia mfukoni.

"Fomu yako," ananiuliza tukila mkate na zeituni,
"ina mahali pa wale ambao hawakupita?"
"Haina."
"Sitini na watatu. Nami nilikuwa nahesabu."
Hasemi zaidi, simwombi aseme.
Natazama safu za karatasi, kisha safu ya milima,
yetu, na ile ya Calabria ng'ambo,
na sioni pa kuandika.

Saa kumi na mbili najumlisha: mia mbili na kumi na mmoja.
"Na wawili," anasema. "Kumi na wawili."
"Mmoja alirudi, Letterio. Alizunguka nyuma ya antena
akatokea tena. Ni yuleyule."
"Si yuleyule. Wa pili alikuwa na pengo bawani."

Tunashuka tukibishana, kiti chake begani mwangu,
changarawe zikitutangulia.
Ndani ya gari, akihangaika na mkanda, bado yupo hapohapo:
"Pengo. Unyoya wa tatu kutoka nchani."
Nafungua daftari juu ya usukani.
Penseli imebaki kibutu. Pembeni mwa karatasi,
nje ya safu zote, nakwaruza kwa ukucha
alama moja.
Ukiinamisha karatasi kwenye mwanga, unaiona.